Mkaguzi wa Serikali Anafundishwa Nini Ng'ambo?

Kila ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inapotoka, hapa kwetu Pwani huzuka maneno ya aina mbili. Ya kwanza ni ya hasira: kaunti fulani imekula mamilioni. Ya pili ni ya kukata tamaa: hata wakikagua, kwani kutakuwa na nini? Juzi nilisikia na ya tatu, nayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Barazani kwetu, mzee mmoja tunayemheshimu alikuwa amesoma kwenye simu kwamba wakaguzi wa serikali kutoka nchi mbalimbali hualikwa Washington, Marekani, wakakaa miezi 4 kusomeshwa ukaguzi. Akatuuliza, "Jamani, kujumlisha na kutoa nako kunataka ndege? Kwani huko Marekani mbili na mbili ni ngapi?"

Watu walicheka, nami nilicheka. Lakini swali lake si la mzaha. Sote tunajua safari za maafisa wa serikali zilivyo, na tunajua marupurupu ya safari hulipwa hata pale ambapo zahanati haina dawa. Mwananchi ana haki ya kuuliza. Ila ndani ya swali lile mna dhana moja ambayo naona inatupoteza wengi, nayo ni kwamba ukaguzi ni kazi ya kujumlisha.

Mimi si mkaguzi. Nimeshika madaftari ya hesabu kwa muda mrefu wa maisha yangu ya kazi, kwanza katika duka moja la jumla hapa mjini, kisha katika chama cha akiba na mikopo ambacho jina lake sitalitaja. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika chama kile nilijionea kwamba hata mali yenye daftari zuri yaweza kupotea. Kila mwaka alikuja mkaguzi wa kukodiwa. Akikaa siku mbili, akinywa chai yetu, akilinganisha risiti na daftari, akikuta kila shilingi ina karatasi yake, akitia sahihi na kwenda zake. Na ni kweli, kila shilingi ilikuwa na karatasi. Mikopo waliyopewa jamaa za wanakamati bila dhamana ya maana ilikuwa na fomu zilizojazwa vizuri, sahihi tatu na muhuri. Nilipouliza, niliambiwa kazi yangu ni kuandika. Wanachama walipokuja kutaka akiba zao walipe karo za watoto, fedha hazikuwepo. Daftari lilikuwa sawasawa mpaka siku ya mwisho.

Kwa hivyo mtu akiniambia mkaguzi hana haja ya kusoma zaidi ya kujumlisha, mimi huwakumbuka akina mama wale waliokuwa wamepanga foleni mlangoni.

Sasa tuje kwenye hao wa Washington. Ofisi inayowaalika wakaguzi hawa inaitwa GAO, nayo ndiyo ofisi ya ukaguzi ya serikali kuu ya Marekani. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 1921. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimeiachia nchi ile deni kubwa, na mpaka wakati huo ukaguzi wa matumizi ya serikali ulifanywa ndani ya Wizara ya Fedha yenyewe, yaani serikali ilikuwa ikijikagua. Sheria ile iliutoa ukaguzi mikononi mwa wanaotumia fedha na kuupeleka upande wa bunge lao, Congress. Mkuu wa ofisi huteuliwa na Rais kwa idhini ya Seneti, akakaa kipindi kimoja cha miaka 15 kisichoongezwa. Miaka 15! Marais wanne wanaweza kumpitia, na hakuna hata mmoja anayeweza kumfukuza kwa barua. Bunge pekee ndilo lenye uwezo wa kumwondoa.

Pamoja na uhuru wote huo, kwa zaidi ya miaka 20 ya mwanzo ofisi ile ilifanya kazi ile ile ya mkaguzi wa chama chetu. Vocha za malipo ya serikali zilipelekwa Washington, makarani wakazipitia moja baada ya nyengine. Vilipokuja Vita vya Pili vya Dunia, vocha zilifurika. Wafanyakazi walizidi 14,000, na bado karatasi ziliwashinda. Hapo ndipo wakubwa wa ofisi walipokaa chini wakajiuliza faida ya kuhakikisha kwamba kila karatasi ina sahihi. Baada ya vita walibadilisha utaratibu. Kila idara iweke na kulinda hesabu zake yenyewe, na wakaguzi waende huko huko kazi inakofanyika, wauchunguze mfumo mzima. Makarani walipunguzwa kwa maelfu, na leo ofisi ile ina wafanyakazi elfu tatu na kitu tu.

Mageuzi makubwa zaidi yalikuja zama za Elmer Staats, aliyeiongoza ofisi kuanzia 1966 hadi 1981. Wakati wake swali la "je, fedha zimetumika kwa mujibu wa sheria?" liliongezewa jengine: "je, fedha zimefanya kile zilichotolewa zikifanye?" Kulijibu swali hilo wahasibu peke yao hawakutosha, ikabidi waajiriwe wachumi, wahandisi, wataalamu wa afya na wa takwimu. Mwaka 1972 ofisi ilichapisha kitabu cha viwango vya ukaguzi wa serikali ambacho kwa sababu ya jalada lake wakaguzi wanakiita Kitabu cha Manjano. Na mwaka 2004 ofisi ilibadilisha hata jina. Zile herufi tatu GAO zilibaki, lakini neno la katikati lililokuwa "hesabu" likawa "uwajibikaji". Naona mabadiliko hayo ya neno moja yanaeleza historia yote hiyo kuliko mimi.

Ni Staats huyo huyo aliyeanzisha, mwaka 1979, mafunzo aliyoyasoma mzee wetu kwenye simu. Kila mwaka huchaguliwa kikundi kidogo cha wakaguzi wa ngazi ya kati na ya juu kutoka ofisi za ukaguzi za nchi nyengine. Tangu kuanza, mamia ya wakaguzi kutoka nchi zaidi ya 100 wamepita hapo, wa Afrika wakiwemo, na baadhi yao wakarudi kwao wakawa ndio wakaguzi wakuu wa nchi zao. Ofisi haiwatozi karo. Tiketi, malazi na chakula hulipwa na nchi zao au na wafadhili. Hesabu za kujumlisha hawafundishwi, maana hayo waliyajua kabla ya kuondoka kwao. Wanafundishwa namna ya kuchagua jambo la kukagua, kupata ushahidi, kuhoji watu, kuchambua data, kuandika ripoti inayosomeka, na kukaa mbele ya kamati ya bunge ukajibu maswali bila kuyumba.

Nieleze jambo moja kwa kirefu kidogo, kwa sababu ukilielewa hilo umeelewa sehemu kubwa ya somo. Kwenye viwango vya ukaguzi, haitoshi mkaguzi kusema "hapa pana kasoro". Lazima aonyeshe mambo manne: inavyotakiwa iwe, ilivyo, sababu ya kuwa hivyo, na madhara yake.

Chukua mfano, na huu ni wa kubuni, asije mtu akasema namsema yeye. Kaunti yatenga shilingi milioni 12 kuwajengea wavuvi chumba cha barafu ufuoni wanapoteremshia samaki. Tenda yatangazwa, mwanakandarasi apatikana, ajenga, alipwa, risiti zipo. Mkaguzi wa aina ya kale atazitazama karatasi aseme kila kitu kiko sawa. Lakini wewe mvuvi wajua chumba kimefungwa kufuli tangu siku ya kukata utepe, na bado wanunua barafu kwa mtu mjini, au wauza samaki kwa bei ya kutupa kabla ya adhuhuri wasije wakaoza.

Mkaguzi aliyefundika ataanza na inavyotakiwa: mpango wa kaunti wenyewe ulisema chumba kitatoa barafu kiasi gani kwa siku na kwa wavuvi wangapi? Kisha atatoka ofisini aende ufuoni, aone kufuli kwa macho yake, apige picha, aongee na kamati ya wavuvi. Hayo ndiyo yalivyo. Halafu aulize kwa nini, na hapa ndipo penye ufundi. Huenda umeme wa nguvu unaohitajika haukufika pale. Kwa nini haukufika? Kwa sababu idara iliyojenga haikuzungumza na shirika la umeme kabla ya kutangaza tenda. Kwa nini haikuzungumza? Kwa sababu hakuna utaratibu unaolazimisha mradi ukaguliwe mahitaji yake kabla ya fedha kutolewa. Sasa amefika kwenye mzizi. Mwisho aonyeshe madhara: wavuvi wangapi wanapoteza kiasi gani kwa msimu. Hapo pendekezo lake halitakuwa "fedha zitumiwe vizuri", maneno ambayo hata mimi naweza kuyasema bure bila kupanda ndege. Litakuwa kwamba mradi wowote wa mtambo usipitishwe bila barua ya shirika la umeme.

Waona tofauti? Ukaguzi wa kwanza ungemtafuta mwizi, usimpate, ufunge faili. Huu wa pili huenda usimpate mwizi vilevile, lakini chumba cha barafu kijacho kitafanya kazi.

Tena siku hizi karatasi zenyewe zinatoweka. Fedha za kaunti zetu hupitia IFMIS, mfumo wa kompyuta wa serikali, na malipo huidhinishwa kwa nywila. Katika sakata la NYS mwaka 2015, moja katika hoja kubwa ilikuwa nani alitumia nywila ya nani. Jambo kama hilo hulikuti kwenye faili la risiti. Lazima mkaguzi ajue kuingia ndani ya mfumo, aone nani aliingia saa ngapi na alifanya nini. Wahindi wameliona hili mapema. Ofisi yao ya ukaguzi ilifungua mwaka 2002 kituo cha kimataifa pale Noida, jirani na Delhi, kufundisha wakaguzi wa ndani na wa nje kukagua mifumo ya kompyuta.

Wala kufundishana huku hakukuanzia Washington. Ofisi za ukaguzi za dunia zina jumuiya yao, INTOSAI, iliyoanzishwa Havana, Cuba, mwaka 1953 na nchi 34. Kanuni zao kuu zilipitishwa Lima, Peru, mwaka 1977, na zinasema wazi kwamba mkaguzi hawezi kufanya kazi yake ikiwa yuko chini ya anayemkagua. Ofisi za nchi za Afrika zinazotumia Kiingereza, Kenya na Tanzania zikiwemo, zina chombo chao kiitwacho AFROSAI-E chenye makao Afrika Kusini, na sehemu kubwa ya mafunzo ya wakaguzi wa kwetu yanapitia huko. Kwa hivyo mzee wetu asidhani kila mkaguzi yuko njiani kwenda Marekani.

Na asidhani sisi ni wanafunzi daima. Kuanzia 2012 hadi 2018 ofisi ya ukaguzi ya Tanzania ilikuwa moja katika tatu zinazounda Bodi ya Wakaguzi ya Umoja wa Mataifa. Waswahili wa Dodoma na Dar es Salaam walikuwa wakizikagua hesabu za mashirika ya Umoja wa Mataifa. Hilo lilinipa fahari kubwa, na sioni kwa nini halikuzungumzwa sana katika magazeti yetu.

Lakini habari hiyo hiyo ya Tanzania ndiyo inayonipeleka kwenye jambo ambalo halifundishiki darasani. Mwishoni mwa 2018 Mkaguzi Mkuu wa Tanzania, Profesa Mussa Assad, alihojiwa akiwa New York, kwenye idhaa ya Kiswahili ya Umoja wa Mataifa. Aliulizwa kuhusu ripoti zake kutofanyiwa kazi, naye akasema kwamba Bunge kutochukua hatua ni udhaifu. Neno hilo moja lilimponza. Mwanzoni mwa 2019 Spika alimwita mbele ya kamati ya maadili, na Aprili Bunge likapitisha azimio la kutofanya kazi naye. Novemba mwaka huo Rais Magufuli akateua mwengine. Desemba 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba namna alivyoondolewa ilikwenda kinyume na Katiba. Hukumu ilikuja, lakini kiti kilikuwa na mtu mwengine kwa miaka mitatu.

Huyu alikuwa mtu ambaye ofisi yake iliaminiwa kuukagua Umoja wa Mataifa. Elimu haikupungua. Kilichopungua ni kinga.

Hapa Kenya tusijione bora sana. Edward Ouko, Mkaguzi Mkuu wa kwanza chini ya Katiba ya 2010, alipotaka mwaka 2016 kufuatilia fedha za Eurobond ya 2014 mpaka kwenye benki kuu ya Marekani huko New York, Rais Kenyatta alimkejeli hadharani. Ouko alipomaliza muda wake Agosti 2019, kiti kilikaa kitupu karibu mwaka mzima mpaka Nancy Gathungu alipoapishwa Julai 2020. Na tunakumbuka mwisho wa 2018, barua ya wakaguzi ilipovuja ikihoji kama mali ya Halmashauri ya Bandari imewekwa rehani kwa mkopo wa reli ya SGR kutoka benki ya Exim ya China. Serikali ilikana. Lakini bila swali lile la wakaguzi, watu wa Mombasa wangejulia wapi kwamba mkataba wa reli unataja bandari yao? Mpaka leo kuna watu wanaobishana barazani kuhusu maana ya kifungu kile, na angalau sasa wanabishana juu ya maandishi.

Turudi Washington kidogo, kwa maana kuna jambo la kuchekesha huko. GAO yenyewe, mwalimu wa dunia, hukagua hesabu za jumla za serikali ya Marekani, na tangu hesabu za mwaka wa fedha 1997 imekuwa ikisema kila mwaka kwamba haiwezi kutoa maoni juu yake. Sababu kubwa ni Wizara ya Ulinzi, ambayo haiwezi kuonyesha ipasavyo mali yake yote iko wapi na ina thamani gani. Wizara hiyo ilikaguliwa kikamilifu kwa mara ya kwanza mwaka 2018. Haikupata hati safi mwaka huo wala miaka iliyofuata. Kwa hivyo kaunti yako ikipata hati mbaya, gavana wako ana wenzake wakubwa.

Cha kuigwa kwao ni kinachofuata baada ya ripoti. Kila pendekezo la GAO huwekwa mtandaoni pamoja na jina la idara inayohusika, na mbele yake huandikwa kama limetekelezwa au bado. Halifutwi mpaka lishughulikiwe. Tangu 1990 wana pia orodha ya shughuli za serikali zilizo katika hatari kubwa ya kupoteza fedha, na bunge jipya linapoingia, kila miaka miwili, orodha huletwa upya. Kwa utaratibu huo, takribani robo tatu ya mapendekezo yao hutekelezwa ndani ya miaka minne. Hawana polisi wala jela. Wana kumbukumbu, na bunge ambalo mara nyingi hulazimika kuuliza tena.

Na kila mgeni anayemaliza ile miezi 4 huandika mpango wa jambo moja analotaka kulibadilisha katika ofisi ya kwao. Kwangu mimi, hapo ndipo pa kuipima safari ya mkaguzi yeyote aliyelipiwa na kodi zetu. Tumuulize: mpango wako ulisema nini, na umefika wapi? Ikiwa hakuna jibu, basi mzee wetu alisema kweli, ilikuwa matembezi.

Sasa, sheria yetu inasema nini? Ibara ya 229 ya Katiba inampa Mkaguzi Mkuu miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, yaani mpaka mwisho wa Disemba, awe amekagua na kutoa ripoti. Ripoti yake lazima ithibitishe kama fedha zimetumika kwa mujibu wa sheria na kwa namna yenye kuleta matokeo. Yaani lile swali la Staats limo ndani ya Katiba yetu. Ripoti ya kaunti hupelekwa kwa bunge la kaunti pia, na bunge lina miezi mitatu kuijadili na kuchukua hatua. Mkaguzi Mkuu mwenyewe amepewa miaka minane, kipindi kimoja tu, na haondolewi ila kwa jopo maalumu. Karatasi zetu ni nzuri. Kwa upande wa sheria hatuhitaji kwenda kujifunza kwa mtu.

Shida iko kwenye ile miezi mitatu, kwa sababu huko ndiko hoja za ukaguzi zinakokwenda kulala. Na zinalala vizuri kwa kuwa sisi wenye fedha hatujui zimeandikwaje. Kwanza zimeandikwa kwa Kiingereza kitupu, na cha kihasibu, ilhali Katiba hiyo hiyo inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi. Sioni sababu ya kukosekana kurasa kumi za Kiswahili kwa kila kaunti, Lamu mpaka Kwale. Wabunge wetu wa kaunti wangeweza kudai hilo kesho asubuhi. Baadhi yao, nawaza tu, huenda wasingependa.

Mpaka hapo, nikupe ufunguo mdogo wa kuisoma. Ripoti zimewekwa kwenye tovuti ya ofisi ya Mkaguzi Mkuu, kaunti kwa kaunti. Kitu cha kwanza ni maoni, na yako manne. Hati safi maana yake hesabu zinaonyesha hali halisi. Haisemi kuwa hakuna ubadhirifu, na yule mkaguzi wa chama chetu alitupa hati safi kila mwaka. Ya pili ni hati yenye dosari: hesabu ni sawa isipokuwa mambo kadhaa yanayotajwa. Ya tatu ni hati mbaya, yaani hesabu hazifai kuaminiwa. Ya nne watu wengi huikosea. Ni pale mkaguzi anaposema hawezi kutoa maoni. Wengi husikia hivyo wakasema fedha zimeibwa. Maana yake ni kwamba aliomba hati hakupewa, au alizopewa hazikutosha. Huenda zimeibwa, huenda hazikuibwa, ila aliyekosa kuleta hati ndiye wa kuulizwa kwanza.

Baada ya maoni, ripoti ina sehemu inayohusu kama fedha zilitumika kihalali na kwa manufaa. Usiiruke. Humo ndimo mnamokuwa na miradi: soko lililojengwa bila wauzaji, bomba lisilo na maji, jengo lililoachwa kwenye linta. Tafuta jina la wodi yako. Sehemu inayofuata huzungumzia udhibiti wa ndani, na hiyo ukiwa na haraka unaweza kuipita.

Kisha tafuta pale panapoorodheshwa masuala ya miaka iliyopita ambayo hayajatatuliwa. Chukua ripoti ya mwaka jana na ya mwaka juzi, uziweke pamoja. Hoja iliyomo katika zote mbili ndiyo ya kwenda nayo kwa MCA wako, kwa sababu hiyo hawezi kusema hakuisikia. Vikao vya bunge la kaunti na vya kamati zake ni vya wazi kwa mujibu wa ibara ya 196, na kamati inayoshughulikia hesabu za umma humwita afisa anayehusika kujibu hoja moja moja. Ulizia karani wa bunge siku ya kikao. Mtu mmoja akikaa nyuma na daftari hatazamwi. Wakikaa kumi kutoka wodi moja, kila mmoja na nakala ya ukurasa ule ule, mwenyekiti atawaona.